Kanda Aliyoikata Mzee Walter

Mzee Walter Odera hajawahi kumsikiliza mtu mpaka mwisho. Simsengenyi, hata mbele yake nimelisema, tena kwa sauti. Ukianza tu, "Mzee Walter, naomba..." yeye ameshajua: karatasi za printa ziko kwa kabati, chai iko kwa thamosi, na kama ni ruhusa kamwulize daktari. Mara nyingi anapatia, na hiyo ndiyo inayoudhi. Siku asipopatia huna wa kumwambia, maana ameshaondoka.

Mimi ni Muhonja wa mapokezi, kliniki yetu ndogo ya Komarock. Mdomo wangu nimepewa na Mungu na sina wa kumrudishia. Mzee Walter ndiye mtunza mashine. Sizungumzii kompyuta za mezani, hizo hata mimi nazizima na kuziwasha. Nasema ile kubwa ya chumba cha nyuma, mashine ya Unix ambayo wafadhili walituachia walipofunga ofisi yao: skrini nyeusi, maandishi meupe, huna picha ya kubonyeza wala nini. Humo ndimo zilimo kadi za wagonjwa wetu wote, kila kadi faili yake.

Jioni kabla ya kufunga, Mzee Walter huchukua kadi zilizobadilika siku hiyo akaziongeza mwishoni mwa kanda ya akiba. Hafuti za zamani. Kanda inaanza na kadi zote kama zilivyokuwa Januari, halafu zinafuata zilizobadilika, siku baada ya siku, mpaka jana. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa ndani ya kanda ile mara nyingi, na kadi yake ya kweli ni ile ya mwisho. Alinieleza hayo yeye mwenyewe, huku akinywa chai yangu.

Kazi alijifunzia kwenye kampuni moja ya Industrial Area iliyokufa zamani. Huko kanda zilikuwa za kubembelezwa, na stima ilikuja ikijisikia. Mkubwa wao aliwafundisha hivi: ukitafuta faili kwenye kanda, kaza macho kwenye skrini, jina lako likipita, kata hapo hapo. Usiichoshe kanda, usingoje stima ikufanyie maajabu. Vijana wote wa chumba kile walifanya hivyo na wakawa wanashindana nani ana kidole chepesi. Mzee Walter alikuwa bingwa wao. Ila huko, faili ilikaa kwenye kanda mara moja tu.

Sasa nikwambie kuhusu mkewe, Amondi, ambaye sisi tunamwita Mama Adongo. Siku za Pasaka alikuja kliniki na jipu, akadungwa sindano ya penisilini. Uso ukavimba, koo likaziba, akawa anavuta pumzi kwa sauti ambayo sitaki kuikumbuka. Tulimpata, lakini kidogo tu tumkose. Baada ya hapo Mzee Walter alijifungia na mashine yake mpaka akaifundisha jambo: kadi ya mtu yeyote asiyepatana na dawa fulani ikifunguliwa, sehemu ya juu ya skrini inageuka nyekundu. Tukawaita wagonjwa wetu wa zamani wote tukawauliza, na kadi zikajazwa. Ile rangi tuliiita nyekundu ya Amondi. Haki, nilimheshimu sana.

Agosti, Mama Adongo akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala na mdomo ukawa mzito. Anaelewa kila kitu, lakini neno moja linamchukua muda, analivuta silabi kwa silabi. Na mzee wetu, kwa vile ndivyo alivyo, akawa anammalizia. "Ch..." "Chai, ndiyo, naleta." Nilimwambia, mwache huyo mama amalize hata mara moja. Akanijibu, "Muhonja, mimi na Amondi tumeoana wewe hujazaliwa. Najua anachotaka." Akaenda zake.

Basi Jumatatu moja ya Novemba transfoma ya mtaa ilipasuka kwa kishindo. Stima iliporudi, mashine iliwaka, lakini mahali pa kadi palikuwa patupu. Patupu kabisa. Daktari Javan akasimama pale mlangoni, mikono kiunoni, akauliza kama kesho tutatibu watu kwa kubahatisha. Mzee Walter akasema kesho asubuhi kadi zitakuwa zimerudi.

Jumanne alinitangulia kufika. Nilimkuta ameshapachika kanda, nikasimama nyuma yake na kikombe. Akaandika amri, mashine ikamjibu kwamba hakuna kitu cha jina hilo kwenye akiba. Akaandika tena, jibu likawa lile lile. Nikaanza kumwomba Mungu wa mama yangu. Mzee Walter akacheka. "Jina ni lazima uliandike vile lilivyoandikwa kwa kanda, nukta kwa nukta," akasema. "Nilipoziweka kwa kanda, jina nililianza na nukta. Sasa nimeitafuta bila nukta, itanijua aje?" Akarekebisha, na majina yakaanza kumiminika kwenye skrini, mistari juu ya mistari. Kusema kweli nilifurahi, nikapiga makofi.

Yalipofika kadi za herufi ya mwisho, akabonyeza kukata. Kidole chepesi. Majina yakasimama.

"Mzee, mbona kanda bado ilikuwa inaz..."

"Kadi zote zimetoka, Muhonja. Fungua mlango, watu wamejaa nje."

Nikafungua.

Asubuhi ile upepo ulikuwa unatoka upande wa Dandora na moshi wa jalala ulikuwa umeingia mpaka kwa mapazia. Watu walikohoa kwenye foleni. Ila ndani kazi iliteleza vizuri ajabu. Skrini zilitulia. Nilipitisha mgonjwa baada ya mgonjwa na sikuona nyekundu hata moja, nikasema moyoni leo Mungu ametuletea watu wasio na shida. Kijana mmoja wa Kayole akadai yeye ni mgonjwa wetu tangu Juni, na kadi yake haikuonekana. Nikamwambia labda alikwenda kliniki nyingine akatusingizia. Tulibishana, akaondoka kwa hasira akisema hatarudi tena.

Halafu tuktuk ikasimama getini. Alikuwa Waringa, jirani yake Mzee Walter, na mtoto wake Eve begani, mtoto wa shule ya chekechea, sikio linamuuma mpaka analia bila machozi. Upande mwingine alikuwa amemshika Mama Adongo. Mguu wa mama ulikuwa mwekundu umewamba, na mwili moto.

"Nimempata amekaa mlangoni," Waringa akaniambia. "Asubuhi alikuwa anajaribu kumwambia mzee kuhusu huu mguu, mzee akadhani anataka uji. Amemwachia uji, akaja kazini!"

"Walter huyo," nikasema, na nikasonya. Nikawapungia wapite kwa chumba cha sindano. Daktari Javan aliwatazama mbio mbio akawaandikia wote wawili penisilini, akitegemea ile nyekundu imzuie kama kuna shida, akarudi kwenye foleni yake. Nesi wetu alikuwa likizo. Aliyemshikia zamu ni Kawsar, binti mpole aliyeanza wiki hiyo hiyo na hakumjua mtu yeyote pale. Alichokijua ni kile skrini ilichomwonyesha. Akafungua kadi ya Eve, safi. Akamdunga. Mtoto akalia kidogo, akapewa peremende, kisha akalala begani kwa mama yake, mdomo wazi.

"Nampeleka huyu alale, narudi kumchukua Mama Adongo," Waringa akaniambia akipita. "Mlinde."

"Nenda tu, dada. Yuko nyumbani."

Nyuma yake akaingia mama mmoja amevaa kitambaa cheusi kichwani. Nilimfahamu: mke wa marehemu mzee Irungu, aliyekuwa fundi wa viatu pale stejini. Hakunisalimia. Aliweka simu juu ya meza yangu, akaisukuma mpaka ikagusa mkono wangu.

"Soma."

Nikasoma. Ulikuwa ujumbe ambao mashine yetu huwatumia wagonjwa asubuhi ya siku yao ya kuja. Ndugu Irungu, unakumbushwa kufika kliniki leo Jumanne kupimwa presha ya kila wiki. Usikose.

"Usikose!" akasema yule mama, na sauti ikakatika. "Hii ni simu yake. Nimeiweka tu kwa sababu ya picha zake. Nimemzika Julai, wewe ulikuja ukakula kwangu. Sasa mnamwita aje na nini? Ngai, mnamwita aje na nini?"

Nikafungua kadi ya mzee Irungu. Ilipaswa kuwa imefungwa, maana niliifunga kwa mikono yangu. Ilikuwa wazi. Kwa mashine yetu mzee Irungu alikuwa hai, ana presha, na anangojewa. Nikamwita Mzee Walter, na kwa sababu sauti yangu ilikuwa vile ilivyokuwa, alikuja mbio.

Alisoma ujumbe, akasoma kadi. Nilimwona akigeuka rangi.

"Hii ni ya Januari," akasema pole pole. "Zimerudi za Januari. Nimekata kabla ya..." Akashika meza. "Muhonja. Nyekundu. Umeona nyekundu yoyote leo?"

"Hapana."

"Hata moja?"

"Hata moja, Mzee."

"Nani yuko kwa sindano?"

Sikutaka kulisema. Naapa ulimi ulikuwa mzito kuliko wa Amondi. "Ni Mama Adongo," nikasema.

Tulikimbia wote wawili, tukagongana mlangoni. Kawsar alikuwa ameinama, bomba la sindano mkononi, na Mama Adongo alikuwa amemshika kifundo cha mkono kwa ule mkono wake wa kushoto, mzima, amekaza mpaka vidole vimekuwa vyeupe. "Anakataa dawa," Kawsar akasema, karibu kulia. "Nimembembeleza sana. Imeingia nusu tu." Mama Adongo alimtazama mumewe. Midomo ilikuwa imeanza kuvimba.

Sitaeleza kila kitu. Daktari Javan alikuja akifungua pakiti kwa meno. Alimdunga adrenalini pajani, akangoja, akamdunga tena. Siku za Pasaka sindano ile ilimrudisha mara moja. Safari hii mama alizidi kuzama. Stima nayo ikakatika hapo hapo, na huko nyuma betri ya dharura ya mashine ikaanza kupiga kelele yake, pii, pii, pii.

"Anakunywa dawa gani za presha?" Javan akauliza. "Mzee! Dawa gani?"

"Vidonge vyeupe," Mzee Walter akasema. "Vidogo. Vya bahasha."

"Jina!"

Jina hakuna anayelijua. Wewe mwenyewe umepewa zile bahasha ndogo za dawa, zimeandikwa moja mara mbili na basi.

"Kuna aina inayotuliza moyo," Javan akasema, mkono wake uko shingoni kwa mama. "Kama ndiyo anayokunywa, hii sindano haitamsaidia, kuna nyingine. Hapa sina. Gari la hospitali linatoka sasa hivi, lazima niwaambie waibebe ile nyingine au wasiibebe, na nikikosea hakuna nafasi ya pili. Nesi wetu alimwandikia kwa kadi. Nipe hiyo kadi. Ile ya kweli."

Mzee Walter akaenda, nami nikamfuata. Akarudisha kanda mwanzo. Safari hii aliomba kadi moja tu, ya Amondi, lakini kanda haijui njia ya mkato. Inabidi ipitie kila kitu kutoka Januari. Akabonyeza, ikaanza kuzunguka, na betri inalia. Kisha akafanya kitu ambacho nitakiona mpaka nife. Aliweka mikono yake miwili chini ya mapaja akaikalia.

Jina la Amondi likatokea. Nikaona mabega yake yakiruka. Mikono ikabaki chini. Hiyo ilikuwa Januari.

Kutoka chumba cha pili tulisikia ile sauti ya kuvuta pumzi. Ile ile ya Pasaka.

Jina likatokea tena. Pasaka. Kanda ikaendelea. Javan akaita, "Bado?" Nikapiga kelele, "Bado!" Likatokea mara nyingine, nikajua hiyo ni Agosti, ni kiharusi, ndipo alipoanza vidonge. Nikamshika bega.

"Hiyo hapo! Mzee, hiyo hapo, kata!"

"Hapana."

"Kata ufungue! Vidonge ni vya Agosti! Unamuua!"

"Mpaka mwisho," akasema. Machozi yalikuwa yanaingia mdomoni na hakuweza kuyafuta, maana mikono ameikalia. "Nikikata tena nitajuaje? Mpaka mwisho, Muhonja."

Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kimaragoli na kwa Kiswahili, na kama kikombe kingekuwa karibu ningempiga nacho. Kanda ikazunguka, skrini tupu, betri ikabadilisha mlio ikawa inalia bila kupumzika, na mimi najua maana yake ni kwamba inakwisha. Halafu jina likatokea. Kanda ikafika mwisho na kusimama yenyewe.

Oktoba. Mwezi uliopita nesi alikuwa amembadilishia dawa. Mzee Walter alisoma jina la ile dawa mpya kwa sauti, herufi kwa herufi, mara mbili. Nikasikia Javan akilirudia kwenye simu: ndiyo, ndiyo aina yenyewe, njooni nayo. Betri ikanyamaza na skrini ikazima.

Walikuja nayo. Wakamdunga hapo hapo juu ya kitanda chetu, na baada ya muda kifua kikaanza kupanda na kushuka. Wakamwingiza garini, Javan pamoja naye. Mzee Walter, Kawsar na mimi tukafuata kwa teksi. Wagonjwa nilikuwa nimewaambia warudi kesho. Geti nililifunga mwenyewe kwa kufuli, na ufunguo nikautia mkobani.

Hospitalini walituweka kwenye korido mchana wote. Kawsar aliomba dua kimya kimya. Mwishowe wakaturuhusu kuingia. Mama Adongo alikuwa na ile plastiki ya hewa usoni, macho yamevimba lakini yako wazi. Hai. Nililia bila aibu, Javan akajifanya anasoma chati.

Mama akainua mkono wa kushoto, akasogeza plastiki pembeni. Alitaka kusema.

"We..." akasema.

Mzee Walter akafungua mdomo. Nilimwona, nilimwona kabisa, jibu lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nadhani alifikiri anamwambia, wewe umenifanyia hivi, na alikuwa tayari kuomba msamaha kabla hajashtakiwa. Akaufunga. Akaweka mikono chini ya mapaja, akaikalia, akangoja.

"We... nge..."

Tukangoja wote. Jasho lilimtoka mama kwenye paji la uso. Alikuwa amekaa kwenye benchi la chumba cha sindano akingoja zamu yake, alikuwa ametazama kila aliyedungwa kabla yake, na wakati tunapiga kelele juu ya kadi za Januari alisikia kila neno.

"Wengine?"

Javan aliinua uso kutoka kwenye chati. Kawsar akaweka mkono mdomoni. Wengine. Wale wote niliowapitisha asubuhi ile, na skrini imetulia, hakuna nyekundu hata moja. Nikamwona Eve begani kwa mama yake, amelala, mdomo wazi. Nilijaribu kukumbuka kama kadi yake, tulipowauliza watu baada ya Pasaka, ilipata ile rangi. Nilijaribu kwa nguvu zangu zote na sikuweza kukumbuka.

Waringa alisema atarudi kliniki. Na geti nimelifunga.

Nikatoa simu mkobani, chini ya ule ufunguo. Nilikuwa nimeizima sauti tangu asubuhi. Waringa alikuwa amenipigia. Alikuwa amenipigia tena, na tena, na tena, kisha akaacha.

Nikampigia. Simu ikaita, ikaita, mpaka ikajikata yenyewe.